Charleston Si Mji wa Mizuka

Jua likishazama Charleston, Carolina Kusini, vichochoro vya mji mkongwe hujaa watalii wanaofuatana nyuma ya kiongozi aliyeshika taa. Kundi husimama mbele ya baraza la nyumba ya kale, kiongozi huinua taa yake, na macho yote hupanda darini. Dari imepakwa rangi ya samawati iliyopauka. Hapo ndipo wanapoelezwa kwamba watu weusi wa hapa waliamini mizuka haiwezi kuvuka maji, wakapaka dari na milango yao rangi ya maji ili kuihadaa. Vicheko viwili vitatu, picha, kisha kona nyingine na kisa kingine cha kutisha. Mimi naishi jimbo hili, na jamaa zangu wanaokuja kunitazama kutoka Dar es Salaam na Mombasa hawakosi matembezi hayo. Wakirudi huniuliza kama kweli maisha ya wenzetu hawa ni kuogopa majini tu. Nimechoka kulijibu swali hilo juu juu, chai ikipoa mezani. Nalijibu hapa kwa urefu.

Wanaozungumziwa ni Wagullah, ambao upande wa Georgia na Florida hujulikana zaidi kama Wageechee. Mababu zao waliletwa kwa nguvu kutoka Senegambia, Sierra Leone, Angola na kwingineko, wakalimishwa mpunga katika mabonde na visiwa vya pwani hii. Wengi wao kilimo cha mpunga walikuwa wanakijua tangu kwao. Malaria na joto la kiangazi viliwakimbiza mabwana kutoka mashambani kwa miezi mingi ya mwaka, na Waafrika, ambao sehemu nyingi za pwani walikuwa wengi kuliko Wazungu, wakabaki wao kwa wao. Ndiyo maana lugha yao, nyimbo zao na namna yao ya kuzika vimedumu kuliko sehemu nyingine nyingi za Marekani. Inakadiriwa kwamba karibu asilimia 40 ya Waafrika walioingizwa Amerika Kaskazini utumwani walipitia bandari ya Charleston. Kwenye Gati la Gadsden, walikoteremshwa maelfu kwa maelfu, leo pana makumbusho ya historia ya Wamarekani weusi, yaliyofunguliwa Juni 2023.

Na habari hii inatugusa hata sisi wa pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1822 mji huu ulinyonga watu 35 kwa tuhuma za kupanga uasi chini ya Denmark Vesey, seremala aliyekuwa amejinunulia uhuru wake. Mmoja wao alikuwa mganga aliyeitwa Gullah Jack. Zephaniah Kingsley, mfanyabiashara ya watumwa, aliacha maandishi kwamba Jack alinunuliwa Zanzibar akiwa mateka wa vita, akapanda meli na mkoba wake wa uganga, wala hakuuachia. Mahakama ilimsimanga kwa hirizi zake hata ilipokuwa inamhukumu kifo. Katika ziara za usiku nimesikia akiitwa mchawi. Mtu huyo alikuwa na dini yake na watu waliomwamini, na kwa ajili yao alikwenda kitanzini.

Sisemi viongozi wote ni waongo. Zamani mji ulimtaka kila kiongozi wa watalii afaulu mtihani ndipo apewe leseni. Mwaka 2018 jaji wa mahakama ya shirikisho aliitengua sheria hiyo kwa hoja kwamba inabana uhuru wa kusema, na tangu hapo anayetaka kuongoza anaongoza. Wako Wagullah wanaoongoza matembezi yao wenyewe, na hao ndio wa kuwatafuta. Wengine watakusimamisha mbele ya nyumba za rangi rangi za Rainbow Row, watakusimulia mabwana na harusi zao, na zile nyumba ndogo za uani, ambamo watumwa walipika, walifua na kulala, watazipita kimya au waziite mabanda ya magari ya farasi. Malango ya chuma yanayopigwa picha kutwa nzima, mengi ni kazi ya wahunzi weusi. Philip Simmons, aliyefariki mwaka 2009, peke yake alifua kazi zaidi ya 500.

Matofali nayo yana mwenyewe. Katika kichochoro kimoja mzee wa Kigullah aliushika mkono wangu, akaviweka vidole vyangu kwenye vishimo vitatu vilivyozama katika tofali la ukuta. Vilikuwa vidogo mno. Ni kidole changu cha mwisho tu kilichoingia. Hizo ni alama za mtoto aliyekuwa akigeuza matofali mabichi yakauke juani. Mzee hakuongeza neno. Alisubiri nitoe mkono mwenyewe, ndipo tukaendelea.

Sasa ile samawati ya darini. Wazee wa Kigullah husema mtu akifa, roho yake inarudi kwa Mungu, lakini kuna kitu chake kingine kinachobaki karibu na watu wake. Kitu hicho kinaweza kumlinda mtu, na kikidharauliwa kinaweza kumsumbua. Kwa hiyo kuna mipaka inayowekwa baina ya walio hai na waliotangulia, na rangi ya mlangoni ni mmoja wa mipaka hiyo. Ni adabu ya kuishi na wafu. Ukiitenga na makaburi unabakiwa na kisa cha kuchekesha watalii, na ziara za usiku zimeitenga kabisa.

Twendeni basi makaburini, maana huko ndiko mila hii iliko, na huko ndiko ninakoumia zaidi. Makaburi ya Wagullah ya zamani yapo karibu na maji, chini ya mialoni yenye nyuzi za kijivu zinazoning'inia hadi kukaribia ardhi. Juu ya kaburi huwekwa vitu alivyovitumia marehemu mwishomwisho: kikombe, sahani, kijiko, chupa ya dawa, taa, pengine saa. Vyombo hivyo huvunjwa au kutobolewa kitako. Wanaeleza kwamba kifo kimeunga mnyororo katika nyumba ile, na kuvunja chombo ni kuukata, ili mwingine asifuate. Kabla ya kuzika, jamaa na majirani hukesha na maiti wakiimba hadi alfajiri. Watoto wadogo wa familia hupitishwa juu ya jeneza, mtu mzima upande huu akimpokeza mtu mzima upande ule, marehemu asije akamtamani mtoto aliyempenda na kumwita. Nimehadithiwa na mama mmoja wa kisiwani aliyepitishwa hivyo juu ya jeneza la bibi yake. Anaikumbuka mikono iliyompokea kuliko anavyolikumbuka jeneza lenyewe. Wajukuu zake hawajapitishwa. Siku hizi maiti hutoka hospitali moja kwa moja hadi kwa kampuni ya mazishi, na mahali pengi mkesha umebaki saa moja au mbili jioni.

Mgeni asiyejua, akiviona vyombo hivyo huona takataka. Vingi vimezolewa na kutupwa na watu waliodhani wanasafisha, vingine vimebebwa na wapenzi wa vitu vya kale. Sisi ambao mababu zetu walipachika mabakuli ya Kichina kwenye makaburi ya mnara ya Kunduchi hatupaswi kuhitaji maelezo marefu hapa. Sidai kwamba desturi hizi mbili zina asili moja. Nasema tu kwamba bakuli la Kunduchi tunaliita urithi na kulilinda kwa sheria, na kikombe cha Mgullah kinaingia kwenye pipa.

Mwaka 2013, mafundi waliokuwa wakikarabati ukumbi wa Gaillard, mwendo mfupi kutoka sokoni, walifukua mifupa. Walikuwa watu 36, Waafrika na wazao wao, waliozikwa karne ya 18 katika uwanja ambao mji ulikuwa umeusahau. Majina yao hayakuandikwa popote. Wanasayansi walipima vinasaba kwa ridhaa ya jamii ya watu weusi wa mji, na mwaka 2019 ikafanyika ibada ya kuwapa majina, kila mmoja lake. Mei mwaka huohuo wakarudishwa ardhini karibu na hapo walipotolewa, watu wakiwasindikiza barabarani. Ziara nyingi za usiku hazifiki hapo.

Chakula nakiruka. Wali mwekundu na kunde za mwaka mpya vina vitabu vyake na mikahawa yake, havihitaji mtetezi.

Vikapu vinahitaji. Ukiingia soko la mji, lile refu la matofali, utawakuta akina mama wameketi na mafungu ya nyasi miguuni. Chukua kikapu unuse: kina harufu ya majani makavu yaliyokatwa karibuni. Mshonaji hukusanya nyasi ziwe kama kamba nene, huichanganya na majani ya msonobari kupata mstari wa hudhurungi, kisha huizungusha duara juu ya duara akiifunga kwa utepe wa ukuti wa palmeto, mti usiopishana sana na mkindu wetu. Tundu la kupitishia utepe analitoboa kwa mpini wa kijiko uliokatwa na kunolewa. Kikapu kidogo humla siku kadhaa, kikubwa miezi. Mwanzo wake ni uteo mpana wa matete, walioushona hasa wanaume, wa kupepetea mpunga shambani. Mwanamke yeyote wa Kyela au Rufiji angeuchukua na kuanza kazi bila kufundishwa. Mary Jackson, mzaliwa wa Mount Pleasant ng'ambo ya mto, alipata tuzo kubwa ya MacArthur mwaka 2008 kwa ushonaji huu. Na bado, kila nipitapo, namsikia mtalii akisema bei ni kubwa mno kwa nyasi.

Nyasi zenyewe zinakwisha. Huota nyuma ya matuta ya mchanga karibu na bahari, na huko ndiko zilikojengwa hoteli na nyumba za matajiri zenye mageti. Washonaji sasa husafiri hadi Georgia na Florida kuzitafuta au huzinunua. Ardhi ndiyo inayoziua mila hizi zote kwa pamoja. Baada ya utumwa kukoma, familia nyingi zilinunua viwanja visiwani na kuvirithisha bila wosia wala hati, kama tunavyorithishana mashamba ya ukoo. Ikabaki mali ya wote. Kisha akatokea mrithi mmoja wa mbali, pengine hajawahi kukanyaga kisiwani, akauza fungu lake kwa mwekezaji, na mwekezaji akaenda mahakamani kuomba shamba lote lipigwe mnada. Hivyo ndivyo familia nyingi zilivyong'olewa. Hilton Head, kisiwa kilichounganishwa na bara kwa daraja mwaka 1956, kina makaburi ya Wagullah yaliyomezwa ndani ya mageti, na wajukuu hujieleza kwa mlinzi kabla ya kwenda kumsalimia babu yao.

Mwaka 2016 jimbo lilitunga sheria inayowapa warithi wengine nafasi ya kwanza ya kulinunua fungu hilo kabla ya mnada. Ilipewa jina la Clementa Pinckney, seneta wa jimbo na mchungaji wa kanisa la Mother Emanuel, aliyeuawa pamoja na waumini wake wanane, mikononi mwa mbaguzi wa rangi, tarehe 17 Juni 2015, wakiwa darasani wanasoma Biblia. Ni sheria nzuri, lakini inamfaa mwenye fedha mkononi. Wazee ninaowafahamu visiwani hawana fedha hizo, na kodi ya ardhi inawapanda kila hoteli mpya inapofunguliwa.