Saa ya Aliyesema

Katika masimulizi ya Walunda kuhusu chanzo cha ufalme wao wa Musumba, kila kitu kinaharibika kwa sababu ya chungu kimoja. Mzee Nkonde amekaa anasuka mkeka, na kando yake pana chungu cha maji alimoloweka nyuzi. Wanawe wawili, Cinguud na Cinyam, wanarudi wamelewa, wanayaona maji yamegeuka meupe, wanadhani chunguni mna pombe ya mchikichi. Baba anapokana, wanampiga. Binti yake Ruwej ndiye anayemuuguza, na mzee anakata shauri kwamba lukano, bangili ya ufalme iliyosukwa kwa mishipa ya binadamu, haitavaliwa na hao wawili. Ugomvi wote umejengwa juu ya sentensi mbili: wana walidhani kwamba chunguni mna pombe, Nkonde alisema kwamba Ruwej atavaa lukano. Mpe mwanafunzi wa Kolwezi azigeuze Kiingereza, na mwalimu atampa vema akiandika "They thought that there was wine in the pot", kisha "Nkonde said that Ruwej would wear the bracelet". Kisa hakijabadilika hata chembe, ila "mna" imesukumwa nyuma ikawa wakati uliopita, na "atavaa" nayo imevutwa nyuma ikageuka kitu ambacho si wakati ujao wala uliopita.

Mwanafunzi akiuliza kwa nini, jibu analopewa mara nyingi ni kwamba ndiyo kanuni: kitenzi cha mbele kikiwa cha wakati uliopita, kinachofuata "that" nacho kirudi nyuma. Kanuni si ya uongo, lakini haielezi chochote. Kinachotokea ni suala la saa. Msimulizi wa Kiingereza hupima kila tukio kwa saa aliyoivaa mkononi mwake mwenyewe, leo, anaposimulia. Na kwa kuwa vijana wale walidhani zamani, basi na pombe waliyoidhani ilikuwa zamani. Kiswahili humpa msikilizaji saa ya yule aliyedhani. Pale walipokuwa wamesimama, kichwani mwao, pombe ilikuwemo wakati huohuo, ndiyo maana tunasema "mna". Ruwej, kwa upande wa Nkonde, alikuwa bado hajavaa, ndiyo maana tunasema "atavaa", japo leo tunajua alikwisha kuivaa karne nyingi zilizopita.

Wala tabia hii haiishii baada ya "kwamba". Mtu husema "nilipofika nilikuta wamelala", na hakuna Mswahili atakayedhani kwamba wamelala sasa hivi, msimulizi anapozungumza. Husema "nilimwona anavuka barabara", na kuvuka huko kumekwisha zamani. Kiambishi -li- ndicho kinachopigilia mambo kwenye siku fulani. -Na-, -me- na -ta- huja nyuma yake na kueleza tu kama jambo lilikuwa likiendelea, limetimia au bado, kwa kuhesabu kutoka hapo -li- ilipopigiliwa. Na neno "kwamba" lenyewe lina asili inayolingana na mwenendo huu, kwani limetokana na kitenzi cha zamani "kuamba", yaani kusema. Ukilitamka umekwisha kumwachia mwenzako mdomo aseme, na yeye atasema kwa saa yake. Kiswahili cha mitaa ya Kolwezi na Lubumbashi kimeliacha neno hilo na kushika "kama", lakini saa hakikuibadili: "alisema kama eko mugonjwa" ni maneno ya kila siku huko, na huyo mgonjwa aliumwa siku aliyosema.

Ugumu kwa mtu wa Kolwezi ni kwamba shule aliyosoma ni ya Kifaransa, na Kifaransa hufuata mkondo uleule wa Kiingereza: jambo lililokuwa likiendelea hushushwa daraja, na la baadaye huvikwa umbo ambalo pia ni la masharti. Kwa hiyo anapokutana na Kiingereza, iwe na madereva wa malori kutoka Zambia pale Kasumbalesa au katika karatasi za kampuni za migodi, na zaidi tangu Kongo ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kanuni ya "that" haimsumbui sana. Humsumbua anaporudi kwenye Kiswahili. Akiandika "walidhani kwamba chunguni mlikuwa na pombe", msomaji anaweza kuelewa kwamba pombe ilikuwemo hapo awali na walipofika imekwisha, na kisa kizima cha Nkonde kinapinda. Akiandika "Nkonde alisema kwamba Ruwej angevaa lukano", hali ni mbaya zaidi, maana Mswahili akisikia "angevaa" husubiri aambiwe nini kilimzuia. Malkia amevuliwa bangili kwa silabi moja!

Hapa nitapingwa, na watakaonipinga wana ushahidi. Katika shule za Kenya, somo la usemi halisi na usemi wa taarifa hufundisha waziwazi kwamba -ta- hugeuka -nge-: "nitakuja" huwa "alisema kwamba angekuja". Watoto wametahiniwa hivyo kwa miaka mingi, na magazeti huandika kwamba waziri alisema serikali ingejenga barabara. Lugha ni ya wanaoitumia, na mtu aliyekua na umbo hilo hawezi kuambiwa kwamba si Mswahili. Nakubali. Lakini tuangalie umbo hilo lilikotoka. Neno "would" la Kiingereza lina kazi mbili, moja ya masharti na moja ya wakati ujao unaotazamwa kutoka zamani. Kwa kazi ya kwanza, tafsiri yake ni -nge- bila ubishi. Kwa kazi ya pili Kiswahili tayari kina -ta-, na inaelekea aliyetunga kanuni aliona neno moja la Kiingereza akatafuta kiambishi kimoja cha kulilipa. Barabara ya waziri inalipa gharama: je, itajengwa, au ingejengwa kama fedha zingekuwepo? Mahali pamoja naona -nge- ina faida, pale msimulizi anapotaka kudokeza kuwa ahadi ilianguka. "Alisema angekuja" ina lawama ndani yake, na lawama hiyo ni mali; si vizuri kuitapanya kwa kuitumia kila ahadi inaporipotiwa.

Pingamizi la pili lina uzito pia: "alisema anaumwa" haimwambii msikilizaji kama mtu huyo bado anaumwa. Kweli, haimwambii. Lakini "he said that he was sick" haimwambii vilevile, na juu ya hilo inaongeza giza lingine, kwani huenda aliumwa wakati anasema, au wiki moja kabla. Kiingereza chenyewe hukwepa kanuni yake inapokibana: anayeripoti jambo ambalo bado ni kweli anaruhusiwa kuacha wakati uliopo baada ya "that", na aliyezaliwa Musumba huripotiwa kwa wakati uliopita wa kawaida bila kurudishwa hatua ya pili. Na asiambiwe mtu kwamba saa ya aliyesema ni uzembe wa lugha isiyokomaa, kwa maana Kirusi na Kijapani hufanya vivyo hivyo, na hakuna anayezishuku.

Fikiria sasa ripoti ya ajali mgodini, iliyoandikwa Kiingereza, inayosema "the supervisor said that the wall was safe". Mfasiri ana njia mbili. Akiandika "kapita alisema kwamba ukuta ni salama", kapita amewaruhusu watu washuke siku ile. Akiandika "kapita alisema kwamba ukuta ulikuwa salama", kapita anaweza kusimama mbele ya hakimu na kudai alikuwa akizungumzia juzi yake, na kwamba aliyeshuka alishuka kwa hiari yake. Karatasi ya Kiingereza haitamsaidia mfasiri kuamua. Itabidi aitwe mtu aliyekuwepo, aulizwe kapita alitamka maneno gani hasa.