Umeme Katika Saluni: Hatari Zake na Jinsi ya Kujikinga

Nyakanazi, katika wilaya ya Biharamulo, mkoani Kagera, ni njia panda. Hapo hukutana barabara itokayo Kahama kuelekea Rusumo, mpakani mwa Rwanda, na ile itokayo Kigoma kwa kupitia Kibondo na Kakonko. Malori na mabasi hayakomi kupita, na penye wasafiri hapakosi biashara: migahawa, nyumba za wageni, vinyozi na saluni.

Kwa miaka mingi miji ya sehemu hizi, kama Ngara na Biharamulo, ilitegemea jenereta za dizeli. Siku hizi Nyakanazi ni njia panda ya umeme pia. Hapo pamejengwa kituo cha kupozea umeme kinachopokea msongo wa volti 220,000 kutoka Geita, na kimeunganishwa na mtambo wa maporomoko ya Rusumo katika mto Kagera. Mtambo huo wa megawati 80 unamilikiwa kwa pamoja na Tanzania, Rwanda na Burundi. Umeme hupunguzwa nguvu hatua kwa hatua hadi ufikapo katika soketi ya dukani ukiwa na volti 230 tu.

Neno "tu" linaweza kumpotosha mtu. Volti 230 zinatosha kabisa kuua. Tena miongoni mwa biashara ndogo zote za mjini, ni chache zinazokutanisha umeme, maji na mwili wa binadamu kwa ukaribu kama saluni. Mteja hukaa na nywele mbichi chini ya draya. Msusi hushika kikaushio kwa mkono uliotoka kwenye beseni. Sakafu imemwagikiwa maji ya sabuni. Ndiyo maana saluni ni mahali pazuri pa kujifunzia kanuni za umeme zinazofundishwa darasani.

Kinachoua ni nini?

Mara nyingi husemwa kwamba volti ndizo zinazoua. Kwa hakika kinachodhuru mwili ni mkondo wa umeme unaopita ndani yake, ambao hupimwa kwa ampea. Volti ni msukumo tu. Kiasi cha mkondo utakaopita hutegemea ukinzani wa njia. Hii ndiyo kanuni aliyoitangaza Mjerumani Georg Ohm mwaka 1827: mkondo ni sawa na volti zikigawanywa kwa ukinzani.

Ukinzani mkubwa wa mwili wa binadamu umo katika ngozi. Ngozi kavu na ngumu inaweza kuwa na ukinzani wa omu 100,000. Mtu mwenye ngozi ya namna hiyo akigusa waya wenye volti 230, mkondo utakaopita ni 230 ÷ 100,000, yaani ampea 0.0023, au miliampea 2.3. Atashtuka na kuondoa mkono. Lakini ngozi ikilowa, hasa kwa maji yenye chumvi, jasho au sabuni, ukinzani wa mwili waweza kushuka hadi omu 1,000 hivi. Sasa mkondo ni 230 ÷ 1,000, yaani ampea 0.23, au miliampea 230. Waya ni uleule na mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni maji, na mkondo umeongezeka mara mia.

Mwili huuonaje mkondo huo? Kwa kadiri, miliampea 1 huhisiwa kama mwasho. Kuanzia miliampea 10 hivi misuli ya mkono hukaza, na mtu hushindwa kuachia alichokishika. Profesa Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani, aliwapima watu waliojitolea, akaona kwamba wastani wa mkondo ambao mtu bado aweza kuachia ni miliampea 16 kwa wanaume na miliampea 10.5 kwa wanawake. Jambo hili lina uzito katika kazi ambayo wengi waifanyao ni wanawake. Mkondo ukifikia miliampea 30 kupumua huwa kwa shida, na ukipita kati ya miliampea 50 na 100 katika kifua, moyo waweza kuacha mapigo yake ya kawaida na kutetemeka ovyo bila kusukuma damu. Hapo mauti huja katika dakika chache.

Njia ya mkondo nayo ni muhimu. Viatu vya mpira husaidia kuzuia umeme usipite mkononi hadi miguuni. Lakini msusi aliyeshika kikaushio kibovu kwa mkono mmoja na bomba la chuma kwa mkono wa pili hatasaidiwa na viatu vyake: mkondo utapita kutoka mkono hadi mkono, na katikati ya mikono hiyo upo moyo.

Fyuzi hulinda waya, haimlindi mtu

Watu wengi huamini kwamba, maadamu soketi ina fyuzi, mtumiaji yuko salama. Hesabu fupi yaonyesha sivyo. Fyuzi ya plagi ya kawaida ni ya ampea 13. Mkondo wa ampea 0.03 unatosha kumhatarisha mtu. Gawanya 13 kwa 0.03: jibu ni zaidi ya 430. Mtu aweza kufa kwa mkondo ambao fyuzi hiyo haitauhisi hata kidogo.

Kazi ya fyuzi ni kuzuia waya usipate moto. Tuchukue mfano. Kikaushio cha mkono hutumia wati 1,800. Draya ya kofia wati 1,000. Birika la kuchemshia maji wati 2,000. Vyote vikichomekwa katika ekstensheni moja, jumla ni wati 4,800. Wati zikigawanywa kwa volti 230, mkondo ni karibu ampea 21, hali ekstensheni imetengenezwa kubeba ampea 13. Joto linalozalishwa katika waya huongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo. Kwa hiyo waya huo utazalisha joto la zaidi ya mara mbili na nusu kuliko kiwango chake. Fyuzi huenda isikatike mara moja, na ikiwa mtu ameiondoa na kuweka kipande cha waya mahali pake, haitakatika kamwe. Kitakachoungua ni mpira wa waya, halafu pazia, halafu nyumba. Ekstensheni iliyoachwa imeviringishwa ni hatari zaidi, kwa sababu joto lake halipati pa kutokea.

Dawa yake ni rahisi: kila kifaa kinachopasha joto kipewe soketi yake ya ukutani, na fyuzi ilingane na kifaa. Mashine ya kunyolea, ambayo hutumia wati chache mno, yatosha fyuzi ya ampea 3.

Tundu la juu na kalamu

Soketi za Tanzania, kama zile za Uingereza, zina matundu matatu. La juu ni la waya wa ardhi, ambao mafundi huuita ethi. Mawili ya chini ni ya waya wa moto na waya wa nyutro. Jino la juu la plagi ni refu kuliko mengine kwa sababu mbili: liguse ardhi kabla umeme haujaingia, na lifungue vifuniko vidogo vinavyoziba matundu ya chini.

Vifaa vingi vya saluni viuzwavyo madukani huja na plagi za meno mawili. Ili kuvichomeka, watu husukuma kalamu au kijiti katika tundu la juu mpaka vifuniko vifunguke. Kufanya hivyo kuna madhara matatu. Kwanza, kinga iliyowekwa dhidi ya vidole vya watoto imevunjwa. Pili, meno ya plagi hiyo hayashikwi sawasawa, hivyo cheche huruka na soketi huungua polepole. Tatu, kama kifaa kina mwili wa chuma, kinatumika bila waya wa ardhi. Ubaya huzidi pale watu wanapochomeka ncha za waya tupu na kuzikaza kwa njiti za kiberiti. Afadhali kununua plagi ya meno matatu au adapta iliyothibitishwa na Shirika la Viwango Tanzania.

Si kila kifaa cha waya mbili ni kibovu. Kikaushio chenye alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa kimekingwa mara mbili kwa plastiki, na hakihitaji waya wa ardhi. Ila kinga hiyo hudumu maadamu plastiki haijapasuka na maji hayajaingia ndani.

Waya wa ardhi na swichi inayolinganisha

Kifaa chenye mwili wa chuma, kama draya kubwa ya kusimama, lazima kiungwe na ardhi. Nia yake ni kwamba waya wa moto ukigusa chuma hicho, umeme uteremke ardhini badala ya kupita katika mwili wa mtu. Lakini hapa pana jambo linalosahauliwa. Chuma kilichochomekwa ardhini hufanya kazi vema iwapo udongo una unyevu. Katika miezi ya kiangazi udongo hukauka na ukinzani wake hupanda. Tuseme umefikia omu 100: mkondo utakaoteremka ni 230 ÷ 100, yaani ampea 2.3. Fyuzi ya ampea 13 haitakatika, na mwili wa draya utaendelea kuwa na umeme ukimngoja wa kuugusa.

Kwa hiyo panahitajika kinga nyingine: swichi inayokata umeme unaovuja. Dalziel alibuni ya namna hiyo mwaka 1961. Ndani yake mna kipete cha chuma ambamo waya wa moto na waya wa nyutro hupita pamoja. Mambo yakiwa sawa, mkondo unaokwenda ni sawa na unaorudi, na nguvu zao za sumaku hufutana. Sehemu ya mkondo ikipotea njiani, kwa kupita katika mwili wa mtu au ardhini, usawa huo huvunjika na swichi hukata. Zile za kumlinda binadamu hukata mkondo unaovuja unapofika miliampea 30, tena kwa muda usiozidi sekunde 0.3, kabla moyo haujavurugika. Swichi hiyo ina kitufe chenye herufi T. Kibonyezwe kila baada ya muda. Kama umeme haukatiki, fundi aitwe.

Swichi hii nayo ina kikomo. Mtu akishika waya wa moto kwa mkono mmoja na wa nyutro kwa mwingine, huku akiwa amesimama juu ya kitu kikavu, swichi itaona mikondo ni sawa na haitakata. Kinga haichukui nafasi ya uangalifu.

Umeme unapokatika

Umeme ukikatika wakati pasi ya nywele imechomekwa, watu husahau kuizima. Unaporudi usiku, pasi hiyo hupanda joto la nyuzi 200 au zaidi juu ya meza yenye taulo na mafuta ya nywele. Kanuni ni kuchomoa kila kifaa mara umeme ukatikapo. Anayetumia jenereta ndogo aiweke nje, mbali na mlango na madirisha, kwa kuwa moshi wake una hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Jenereta isiungwe na nyaya za nyumba kwa kuchomekwa katika soketi: umeme wake waweza kurudi kwenye nguzo na kumuua fundi anayedhani laini imezimwa.

Mtu akipigwa na umeme

Asiguswe kabla umeme haujazimwa. Swichi kuu izimwe au plagi ichomolewe. Isipowezekana, asukumwe kwa mti mkavu, msukumaji akiwa amesimama juu ya ubao mkavu. Kumfukia mchangani au kumnywesha maziwa hakumsaidii, bali hupoteza dakika ambazo ni uhai wake. Kama hapumui na hana fahamu, akandamizwe katikati ya kifua, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukoma mpaka msaada wa hospitali upatikane. Hata akizinduka, apelekwe kwa daktari, kwani moyo waweza kusumbuka baadaye. Moto wa umeme usimwagiwe maji kabla umeme haujakatwa.

Jaribio la darasani

Ukinzani wa ngozi waweza kupimwa bila hatari kwa mita ya omu inayotumia betri ndogo. Kamwe jaribio hili lisifanywe kwa umeme wa soketini.

1. Mwanafunzi akaushe vidole, kisha ashike ncha moja ya mita kwa kila mkono. Tarakimu iandikwe.
2. Achovye vidole katika maji ya kawaida na kupima tena.
3. Achovye katika maji yenye kijiko cha chumvi na kupima mara ya tatu.
4. Kwa kila kipimo, darasa likokotoe mkondo ambao ungepita kama volti zingekuwa 230, na kuulinganisha na miliampea 10 na 30.

Ukinzani halisi kwa volti 230 ungekuwa mdogo zaidi ya utakaopimwa, kwa kuwa volti kubwa huvunja kinga ya ngozi. Kwa hiyo mikondo itakayokokotolewa ni ile ya upande wa nafuu. Wanafunzi watakaoona tarakimu hizo zikishuka kidole kikilowa hawatahitaji kuambiwa mara ya pili kwa nini mkono hukaushwa kwanza, ndipo kikaushio kikashikwa.