Umefunga Kamba Mpya kwa Upinde? Usirushe Bado!
Msee, kama umebadilisha kamba ya upinde wa kapi hapo Kikoneni, tulia kwanza. Kamba ikibadilika, vipimo vyote huhama. Pima nafasi kati ya kamba na mshikio, ulinganishe na kipimo cha kampuni. Weka mshale, lenga shabaha, vuta polepole. Beshte acheki kando kama kapi zote mbili zinafika mwisho pamoja. Moja ikichelewa, mshale unakosa njia: bana upinde kwa presi, usokote kebo hadi ziende sawa. Rusha mishale kadhaa ndio kamba ivutike, kisha pima tena. Kuachilia kamba bila mshale ni noma, upinde unaweza kupasuka mkononi. Na palahala wa Shimba Hills? Sahau. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya 1977.