Kompyuta mpya ikigoma kuonyesha picha, chunguza RAM kabla ya kulaumu ubao mama

FENI zinazunguka, taa zinawaka, lakini skrini imebaki nyeusi. Hiyo ndiyo hali inayowakuta wengi wanaoamua kununua vipande na kuunda wenyewe kompyuta ya mezani badala ya kununua iliyokwisha kuunganishwa kiwandani.

Kwa mkazi wa Bukoba au Muleba hali hiyo ina uzito wa pekee. Vipande vingi vya kompyuta za kisasa huagizwa kutoka Mwanza, Dar es Salaam au Kampala, na safari ya barabara kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba inazidi kilomita 1,300. Anayerudisha ubao mama dukani kwa kudhani umekufa hulipia mzigo mara mbili na kusubiri siku kadhaa, huku kazi za steshenari, video za harusi au mitihani ya shule zikiwa zimesimama. Pengine ubao huo haukuwa na kasoro yoyote.

Ubao mama, ambao mafundi wengi huuita mazabodi, ndio unaounganisha vipande vyote vya kompyuta. Kila mara mashine inapowashwa, programu ndogo iliyohifadhiwa humo, iitwayo BIOS, hukagua mambo manne kwa zamu: prosesa, kumbukumbu ya muda yaani RAM, kadi ya picha, na mwisho diski yenye mfumo wa kuendeshea kompyuta. Picha haiwezi kutokea kabla RAM haijakubaliwa. Ndiyo maana kasoro ndogo ya RAM humfanya mwenye mashine aamini kwamba kila kitu kimeharibika.

Bodi nyingi za miaka ya karibuni zina taa nne ndogo pembeni zinazofuata hatua hizo. Taa ya RAM ikibaki inawaka, ukaguzi umekwama hapo. Bodi za zamani hutoa milio kupitia spika ndogo, na maana ya milio hiyo hueleza kitabu kinachokuja na ubao. Kitabu ambacho, kwa bahati mbaya, watu wengi hukitupa pamoja na boksi.

Kabla ya kugusa RAM, yapo makosa mawili ya haraka ya kuondoa. La kwanza ni waya wa prosesa. Pawa saplai hutoa waya mpana wenye pini 24 kwa ajili ya ubao, lakini hutoa pia waya mwingine wenye pini nne au nane kwa ajili ya prosesa, unaochomekwa kwenye kona ya juu. Ukisahaulika, feni huzunguka na taa huwaka, lakini hakuna kinachoendelea. La pili ni waya wa skrini kuchomekwa kwenye ubao wakati kompyuta ina kadi ya picha. Zipo prosesa, kama zile za Intel ambazo namba yake huishia na herufi F, zisizo na uwezo wa kutoa picha zenyewe, na kwa hizo tundu la skrini lililo kwenye ubao ni pambo tu.

Baada ya hapo ndipo RAM ichunguzwe. Umeme uzimwe na waya uchomolewe ukutani, kisha fundi ashike chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini. Vijiti vyote vitolewe na kurudishwa kimoja tu, kikisukumwa kwa nguvu ya wastani hadi klipu zijifunge. Katika bodi nyingi zenye nafasi nne, kijiti kinachoanza hukaa katika nafasi ya pili kutoka kwenye prosesa, na vikiwa viwili hukaa katika ya pili na ya nne. Kosa la kuviweka ya kwanza na ya pili ni la kawaida mno, na huinyima mashine nafasi ya kusoma vijiti viwili kwa pamoja.

Kompyuta iliyounganishwa Mwanza na kufika Bukoba kwa barabara au kwa meli hustahili ukaguzi huo hata kama iliwaka vizuri ilikotoka. Mtikisiko wa safari ya zaidi ya kilomita 400 kuzunguka ziwa unatosha kulegeza kijiti kwa milimita moja, na milimita moja inatosha kuizuia mashine.

Ikigoma tena, BIOS irudishwe katika hali yake ya kiwandani. Kazi hiyo hufanywa kwa kugusanisha pini mbili zilizoonyeshwa katika kitabu, au kwa kutoa kwa dakika chache betri ya duara iliyo kwenye ubao, aina ya CR2032. Betri hiyo haina uhusiano wowote na nguvu ya kompyuta. Kazi yake ni kutunza saa, na katika bodi nyingi mipangilio pia.

Wenye RAM ya aina ya DDR5 wanahitaji subira zaidi. Mara ya kwanza kuwashwa, ubao hujipima na kijiti ili kutafuta muda sahihi wa kupokezana taarifa, na shughuli hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa skrini ikiwa nyeusi. Anayekata umeme kwa wasiwasi huilazimisha mashine ianze upya.

Jaribio la mwisho ni kupima kila kijiti peke yake katika kila nafasi. Kijiti kimoja kikikataa kila mahali, kibaya ni hicho. Nafasi moja ikivikataa vijiti vyote, kosa liko kwenye ubao au kwenye soketi ya prosesa, ambako pini moja iliyopinda huweza kuzima nafasi nzima ya RAM. Hapo, na si kabla ya hapo, ndipo mzigo urudishwe dukani.

Kasi iliyolipiwa lakini haionekani

Mashine ikishawaka, mshangao mwingine huja. Aliyenunua RAM ya DDR4 iliyoandikwa 3200 hukuta kompyuta inasoma 2133 au 2400. Wengi hudhani wameuziwa kitu bandia.

Mara nyingi hawajadanganywa. Vijiti vingi vya aina hiyo huanza katika kasi ya chini iliyokubaliwa na watengenezaji wote, ili viwake katika ubao wowote. Kasi iliyoandikwa kwenye boksi huhifadhiwa ndani ya kijiti kama wasifu, unaoitwa XMP kwa upande wa Intel na EXPO kwa DDR5 za upande wa AMD. Ni lazima mwenye mashine aingie katika BIOS na kuuwasha.

Kuuwasha wasifu huo tayari ni hatua ya kupandisha kasi kupita kiwango cha kawaida. DDR4 ya kawaida hutumia volti 1.2, ilhali wasifu wa 3200 mara nyingi hudai volti 1.35. Faida yake inapimika: kijiti cha 3200 chenye ucheleweshaji wa 16 huanza kujibu baada ya nanosekunde 10, wakati kile cha 2133 chenye ucheleweshaji wa 15 huchukua takriban nanosekunde 14.

Nani atauona utofauti huo? Anayeandika barua na kuchapa vyeti hatauona. Anayehariri video, anayecheza michezo, na hasa anayetumia kompyuta isiyo na kadi ya picha ya peke yake, atauona, kwa sababu picha zake hukopa nafasi ndani ya RAM hiyo hiyo. Hata kwake, kuongeza kijiti cha pili mara nyingi huleta faida kubwa kuliko kusukuma kasi ya kijiti kimoja.

Si kila ubao unaruhusu. Bodi za Intel zenye chipu ya B460 zikifungwa prosesa ya Core i5-10400 huishia 2666, hata ukiweka RAM ya kasi kiasi gani. Kompyuta nyingi za ofisini zilizotumika ughaibuni na kuuzwa upya nchini hazina kabisa ukurasa wa kubadilisha kasi. Ni vema kuuliza kabla ya kulipia kijiti cha bei ya juu.

Tatizo jingine ni vijiti vilivyonunuliwa nyakati tofauti. Mtu huanza na kimoja, mavuno ya kahawa yakilipa huongeza cha pili cha kampuni nyingine. Vikiwa katika kasi ya kawaida huelewana. Wasifu ukiwashwa hugombana, na mashine hujizima au hukataa kuwaka. Dawa ni kushuka, kwa mfano kutoka 3200 hadi 2933, na kutulia hapo.

Kosa lisilopiga kelele

Kompyuta inayojizima ni kero, lakini angalau imetoa taarifa. Hatari kubwa zaidi ni RAM iliyosukumwa kupita uwezo wake ambayo hubadilisha tarakimu moja kimyakimya, na faili likahifadhiwa likiwa na kosa.

Mfano unaotajwa sana ni wa uchaguzi wa Ubelgiji wa Mei 18, 2003. Katika manispaa ya Schaerbeek, jijini Brussels, mgombea mmoja alihesabiwa kura 4,096 za ziada na mashine ya kupigia kura. Kosa liligundulika kwa sababu alipata kura nyingi kuliko ilivyowezekana. Namba 4,096 ni mbili iliyozidishwa kwa yenyewe mara 12, yaani thamani ya biti moja tu ya kumbukumbu, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba biti hiyo ilijigeuza yenyewe. Mashine hiyo haikuwa imeongezwa kasi.

Utafiti uliofanywa katika seva za Google na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia nane ya vijiti vya RAM vilipata angalau kosa moja kwa mwaka. Seva hizo zina RAM inayojisahihisha. Kompyuta ya kawaida ya mezani haina. Matokeo ya wanafunzi au hesabu za chama cha ushirika cha kahawa zikibadilika tarakimu moja, hakuna taa itakayowaka.

Kwa hiyo, kasi yoyote mpya ipimwe kabla mashine haijakabidhiwa kazi. Programu ya MemTest86 huwekwa katika flashi na kuendeshwa kabla ya mfumo wa kompyuta kuanza. Mizunguko minne huweza kuchukua saa kadhaa kulingana na ukubwa wa RAM. Kosa moja tu linatosha kuikataa kasi hiyo. Hakuna kosa dogo hapa.

Wanaotaka kwenda mbali zaidi kwa kuongeza volti kwa mkono wakumbuke yaliyowapata wengine. Mwaka 2023 baadhi ya prosesa za Ryzen 7000 ziliungua baada ya bodi kuzidisha volti katika sehemu inayosimamia kumbukumbu, na AMD ikaweka kikomo cha volti 1.3 kupitia matoleo mapya ya BIOS. Mwaka 2024 Intel nayo ilikiri kwamba prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikidai volti kupita kiasi na kuharibika, ikaongeza miaka miwili ya dhamana. Ikiwa watengenezaji wenyewe wamekosea, anayebahatisha namba ana nafasi ndogo ya kupona.

Matoleo hayo ya BIOS ndiyo yanayoleta mtihani mkubwa zaidi kwa Kagera. Kusasisha BIOS huchukua dakika chache, na umeme ukikatika katikati, ubao unaweza kubaki kipande cha plastiki. Mkoa huu kwa miaka mingi ulitegemea umeme wa Uganda kupitia laini ya Masaka hadi Kyaka, na ukatikaji wa umeme si jambo geni kwa wakazi wake. Pawa saplai nzuri huweza kuhimili kukatika kwa takriban milisekunde 16 tu, muda mfupi kuliko wimbi moja la umeme wa nchini.

UPS basi si anasa. Isipokuwepo, BIOS isiguswe ila kuna ulazima, kama vile prosesa mpya isiyotambuliwa na ubao wa zamani. Zipo bodi zenye kitufe cha kurudishia BIOS kwa flashi hata baada ya kuharibika, na kwa mnunuzi wa Muleba kitufe hicho kina thamani kuliko taa za rangi.

Radi ni suala jingine. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa na radi nyingi duniani, na UPS ya kawaida haitoshi kuizuia. Mawingu yakifunga, kompyuta ichomolewe ukutani pamoja na waya wa intaneti, ambao wengi huusahau.

Hali ya hewa, kwa upande wake, inasaidia. Wastani wa joto la Bukoba ni takriban nyuzi 21, hivyo mashine iliyopimwa huko hupoa kirahisi kuliko ingekuwa Dar es Salaam. Kijana anayeirekebisha Bukoba na kisha kuhamia Pwani kimasomo aanze upya kipimo cha MemTest86 akifika, kwani RAM iliyotulia katika ubaridi wa ziwa huweza kutoa makosa katika joto la nyuzi 32.