Nakala za Akiba Zijaribiwe

Usiku wa tarehe 31 Januari, 2017, mhandisi mmoja wa kampuni ya GitLab, ambayo huwahifadhia watunzi wa programu kazi zao, alikuwa akihangaika na seva mbili za hifadhidata. Ya pili ilikuwa imebaki nyuma ya ile kuu, naye akaamua kuifuta ili aijaze upya. Amri yake ikaenda kwenye ile kuu. Alipozinduka na kuisimamisha, kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5 tu.

Ajali ya namna hiyo yaweza kumpata yeyote aliyechoka, nasi hatumlaumu. Zito zaidi ni lile lililogunduliwa baadaye. Nakala ya kila siku iliyodhaniwa kuwa inapelekwa katika ghala la mbali haikuwako, kwa kuwa programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilopatana na hifadhidata yenyewe, ikawa inashindwa kila mara. Barua pepe za kutoa tahadhari zilitumwa, nazo zikakataliwa njiani kwa kukosa saini inayotakiwa. Njia nyingine ya kunakili diski haikuwa imewashwa kwa seva hizo. Kilichoiokoa kampuni ni nakala ambayo mhandisi huyo huyo aliichukua kwa mkono yapata saa sita kabla ya ajali, tena kwa shughuli nyingine kabisa! Kuihamisha kulichukua saa 18 hivi, maana diski zilikuwa za mwendo wa pole. Kumbukumbu za miradi kama 5,000 na za watumiaji wapya wapatao 700 hazikupatikana tena.

Kampuni hiyo, kwa sifa yake, ilieleza yote hadharani, na miongoni mwa marekebisho iliyoyatangaza ni kujaribu kurejesha nakala mara kwa mara.

Siku hizi wengi hukodi hifadhidata inayotunzwa na mwenye mitambo ya wingu, wakaamini kwamba mzigo wote umehama. Haukuhama wote. Katika huduma ya Amazon RDS, kwa mfano, nakala huchukuliwa zenyewe, na mteja aweza kurudi hadi dakika aitakayo ndani ya muda usiozidi siku 35. Lakini muda huo huuchagua mteja. Akiweka sifuri, hakuna kinachonakiliwa. Anayeifuta hifadhidata bila kuagiza nakala hizo zibakizwe, huzifuta nazo. Tena urejeshaji hauiandiki upya hifadhidata iliyoharibika, bali huunda nyingine yenye anwani mpya, na programu zote sharti zielekezwe huko. Asiyelijua hilo atalijua siku ya msiba, wateja wakiwa wamejaa mlangoni.

Vyama vyetu vya akiba na mikopo, pamoja na zahanati na shule, vinazidi kuweka daftari zao katika kompyuta. Mwanachama aliyeweka fedha zake asubuhi hana ushahidi mwingine ila stakabadhi, ikiwa hajaipoteza. Kwa hiyo haitoshi meneja kuuambia mkutano mkuu kwamba nakala zipo. Aulizwe ni lini mara ya mwisho ziliporejeshwa kwa majaribio, kazi hiyo ilichukua muda gani, na hesabu zilizopatikana zililinganishwa na zipi. Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, pamoja na tarehe na jina la aliyeshuhudia.