Pasipoti ni Nini, na Mwenye Nayo Ana Masharti Gani?

Safari za nchi za mbali si jambo la ajabu tena katika mitaa ya Majengo, ule wa mji wa Meru na ule wa mji wa Embu. Wako wanaokwenda Makka kuhiji, wako wanaofuata masomo, wako wafanya biashara wanaovuka mipaka, na wako vijana, wanawake kwa wanaume, wanaokwenda kutafuta kazi Saudia, Qatar na nchi nyingine za Ghuba. Karibu wote huhitaji kitabu kimoja kidogo, nacho ni pasipoti. Wengi wanakitamani kitabu hicho, lakini ni wachache wanaojua kisheria ni mali ya nani, hupewa nani, na ni nani awezaye kukizuia. Kutojua mambo hayo kumewaletea watu hasara, na pengine mateso. Kwa hiyo yafaa yaelezwe moja moja.

MAANA YA PASIPOTI

Pasipoti ni hati ya serikali yenye kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kumshuhudia mtu, kwamba huyu ndiye fulani, na kwamba ni raia wa nchi fulani. Kazi ya pili ni kumwombea njia, maana kwa hati hiyo serikali yake huwaomba wakuu wa nchi nyingine wamwache apite bila kizuizi, na wamsaidie akipatwa na shida.

Lakini pasipoti si viza. Viza ni ruhusa inayotolewa na nchi ile mtu anayokwenda, nayo nchi hiyo yaweza kuikataa bila kuuliza Kenya. Mwenye pasipoti bila viza, mahali panapotakiwa viza, ni kama mtu aliye na barua nzuri ya kumjulisha, naye bado yu nje ya mlango.

Pasipoti za namna ya sasa zilianza kutolewa Kenya tarehe 1 Septemba 2017. Ndani yake mna chipu ndogo inayohifadhi habari za mwenyewe, ili iwe vigumu kwa mtu mwingine kuitumia. Ni pasipoti ya Jamhuri ya Kenya, na papo hapo ni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Zile za zamani zimekwisha kuondolewa.

VITABU VILIVYOCHUKULIWA ZAMANI

Wazee wa Meru na Embu hawalisikii neno “pasi” kwa furaha, nao wana sababu. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kuchukua kipande, na wengi walikitia katika kibati na kukivaa shingoni. Katika kipande palikuwa na alama za vidole na habari za kazi yake. Kama tajiri wake hakutia sahihi kwamba amemwachilia, mtu huyo hakuweza kuandikwa kazi kwingine kwa halali. Kipande kilikuwa moja ya mambo aliyoyapinga Harry Thuku mwaka 1921. Alipokamatwa mwezi wa Machi 1922, watu walikusanyika Nairobi kumdai, wakapigwa risasi, na wengi wakafa. Sheria mpya ya mwaka 1947 ndiyo iliyoamuru kwamba watu wa rangi zote waandikishwe, na kipande cha namna ile kikaondoka.

Haukupita muda mrefu. Tarehe 20 Oktoba 1952 ilitangazwa Hali ya Hatari, nayo haikwisha mpaka Januari 1960. Katika miaka hiyo Wakikuyu, Waembu na Wameru walilazimishwa kuchukua kitabu cha pasi ambacho makabila mengine hawakutakiwa kuwa nacho. Aliyekutwa mjini bila kitabu hicho, au bila ruhusa ya kutoka katika wilaya yake, alikamatwa.

Habari hizi zimekumbushwa kwa sababu moja. Kipande kilimfunga mtu kwa tajiri wake, na kitabu cha pasi kilimfunga mahali pake. Pasipoti kusudi lake ni kinyume cha hayo, kwani humfungulia mtu njia ya kwenda na njia ya kurudi. Lakini ikiwekwa mikononi mwa mtu mwingine, itageuka kuwa kipande tena.

NANI ANASTAHILI KUPEWA

Anayestahili ni raia wa Kenya. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 inasema katika kifungu cha 12 kwamba kila raia ana haki ya kupata pasipoti ya Kenya na hati nyingine za kumtambulisha. Basi pasipoti si zawadi ya afisa, wala si hisani ya mkubwa ye yote. Ni haki, ingawa ina taratibu zake.

Raia kwa kuzaliwa ni yule ambaye siku aliyozaliwa baba yake au mama yake alikuwa raia, hata kama mtoto mwenyewe amezaliwa ng'ambo. Zamani haikuwa hivyo, kwani mtoto aliyezaliwa nje ya Kenya alipata uraia kwa baba yake tu. Tena, mwenye kuoana na raia kwa muda wa miaka 7, au mgeni aliyekaa nchini kwa halali miaka 7 mfululizo, aweza kuomba kuandikishwa kuwa raia akitimiza masharti ya sheria. Na raia wa kuzaliwa haupotezi uraia wake kwa kuchukua uraia wa nchi nyingine, ila sheria ya mwaka 2011 inamtaka alitangaze jambo hilo kwa serikali katika muda wa miezi 3.

Ugumu mara nyingi huwa katika kuthibitisha. Mitaa iliyoitwa Majengo katika miji ya Kenya imekaliwa tangu zamani na watu wa asili nyingi, na wako wazee ambao kuzaliwa kwao hakukuandikwa mahali po pote. Asiye na cheti cha kuzaliwa hupata taabu kupewa kitambulisho, na asiye na kitambulisho, akiwa mtu mzima, hapati pasipoti. Jamii nzima zimewahi kukwama hapo. Wamakonde walioishi Kwale kwa vizazi kadhaa hawakupewa vitambulisho mpaka mwaka 2016, baada ya kwenda kwa miguu kuelekea Nairobi kumwona Rais. Washona walitangaziwa uraia Desemba 2020, na Wapemba wa pwani mwaka 2023. Funzo lake ni hili: mzazi amwandikishe mtoto mara anapozaliwa, asingoje siku ya safari.

NAMNA YA KUOMBA

Maombi hufanywa kwa intaneti katika mtandao wa serikali uitwao eCitizen, na ada hulipwa huko huko. Kisha mwombaji huchapisha fomu zake na kuzipeleka yeye mwenyewe katika ofisi ya Idara ya Uhamiaji. Watu wa upande huu wa Mlima Kenya hawalazimiki kwenda Nairobi, kwani iko ofisi Embu. Mwombaji huchukua kitambulisho chake, cheti chake cha kuzaliwa, nakala za hati hizo, picha zake, na fomu iliyotiwa sahihi na mtu anayemjua, pamoja na nakala ya kitambulisho cha mtu huyo. Ofisini hupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Ndiyo maana hawezi kumtuma mtu mwingine. Mtoto aliye chini ya miaka 18 huombewa na mzazi au mlezi wake, naye hupewa pasipoti yake mwenyewe.

Ada iliyowekwa ndiyo hiyo iliyoandikwa katika eCitizen. Mtu akiombwa fedha nyingine mlangoni, au akiambiwa na kijana aliyesimama nje kwamba bila “chai” maombi hayatakwenda, ajue kwamba anaibiwa.

MASHARTI YA MWENYE PASIPOTI

Mwenye pasipoti ana wajibu wa kuyashika mambo haya:

1. Pasipoti ni mali ya serikali. Mwenyewe amepewa kuitunza na kuitumia. Haiuzwi, haiazimwi, wala haiwekwi rehani kwa deni.

2. Haifai kuandika, kufuta, kuchana wala kubandika kitu cho chote ndani yake. Kuigeuza, kutumia ya mtu mwingine, au kusema uwongo wakati wa kuiomba ni makosa ya kuhukumiwa mahakamani.

3. Ikipotea, ni lazima kutoa habari kwa polisi na kupata hati ya polisi ya kushuhudia kupotea kwake, kisha kuomba nyingine. Anayepoteza yake akiwa ng'ambo aende kwa ubalozi wa Kenya.

4. Pasipoti ya mtu mzima hudumu miaka 10. Nchi nyingi humkataa msafiri ambaye pasipoti yake imebakiza muda usiofika miezi 6. Kwa hiyo mwenye kukusudia Hija au safari ya masomo atazame tarehe ya mwisho mapema, kabla ya kulipa nauli.

5. Kwenda Uganda na Rwanda, raia wa Kenya wameruhusiwa tangu Januari 2014 kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Kwenda Tanzania hutakiwa pasipoti au hati ya muda ya safari.

PASIPOTI NA KAZI ZA GHUBA

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Katika nchi za Ghuba kumekuwako desturi ya kafala, ambayo kwayo ruhusa ya mgeni ya kukaa nchini hufungamana na mwajiri wake. Waajiri wengi wamezoea kuzichukua pasipoti za wafanya kazi siku ile ile wanapofika, hasa za watumishi wa nyumbani. Mtumishi akipigwa, akinyimwa mshahara au kunyimwa usingizi, hana hati ya kwenda nayo po pote. Huko ndiko kurudi kwa kipande kulikotajwa hapo juu.

Yafaa ijulikane kwamba sheria za nchi hizo zenyewe hazikubali jambo hilo. Serikali ya Saudia iliwakataza waajiri kushika pasipoti za wafanya kazi tangu mwaka 2000. Sheria ya Qatar ya mwaka 2015 inamtoza faini mwajiri anayefanya hivyo. Hata hivyo, katazo lililo katika karatasi halifiki upesi katika jiko la nyumba ya mtu. Tena masahihisho ya sheria ya kazi yaliyoanza Saudia mwezi wa Machi 2021 hayakuwahusu watumishi wa nyumbani. Basi kinga ya kwanza huanzia hapa nyumbani.

Anayekwenda kufanya kazi ng'ambo ahakikishe kwanza kwamba wakala wake ameandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Wakala hana haki ya kukaa na pasipoti ya mtu eti mpaka deni la nauli lilipwe. Kabla ya kuondoka, msafiri atoe nakala za ukurasa wenye picha, za viza na za mkataba wa kazi. Moja aiache kwa wazazi, na moja aiweke mbali na pasipoti yenyewe. Namba ya pasipoti aijue kwa moyo. Namba ya simu ya ubalozi wa Kenya katika nchi anayokwenda aiandike mahali zaidi ya pamoja, kwa kuwa simu nayo huweza kunyang'anywa.

Akinyang'anywa pasipoti, asiamini kwamba uraia wake umenyang'anywa pamoja nayo. Ubalozi waweza kumtolea hati ya dharura ya kumrudisha Kenya. Nao jamaa waliobaki, wakikosa habari zake, waipeleke ile nakala kwa serikali mapema. Jina tupu bila namba ya pasipoti huchelewesha msaada.

NANI AWEZA KUIZUIA

Katiba inasema kwamba pasipoti yaweza kukataliwa, kusimamishwa au kuchukuliwa kwa kufuata sheria ya Bunge tu. Kwa mfano, mahakama yaweza kumwamuru mshtakiwa aliyepewa dhamana aiweke pasipoti yake mahakamani mpaka kesi iishe. Hilo ni halali. Lakini afisa hawezi kuichukua kwa hasira yake, wala mwajiri kwa faida yake.

Hata serikali yenyewe hufungwa na sheria hiyo. Wakili Miguna Miguna, aliyezaliwa Kenya na kupata pia uraia wa Kanada, alitolewa nchini kwa nguvu Februari 2018. Desemba mwaka ule ule Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zake zilikuwa zimevunjwa. Alikawia sana kurudi, mpaka Oktoba 2022, lakini alirudi nchini mwake akiwa raia.

Ye yote anayetaka maelezo zaidi na aulize katika ofisi ya Uhamiaji ya Embu, au katika vituo vya Huduma vya Meru na Embu. Asiulize njiani. Na aliyekwisha kuipata pasipoti yake na aishike mwenyewe, kwa kuwa amana ya serikali haiwekwi kwa mtu wa tatu.