Mshumaa Usiowaka

Mshumaa wa kawaida ni mtambo mdogo wa kuchoma mafuta. Mwali huyeyusha nta iliyo karibu, utambi huinyonya na kuipandisha, nta hugeuka mvuke, na mvuke ndio unaowaka. Utambi ni bomba tu. Ukiuondoa, mtambo wote umekwenda nao, na kilichobaki ni bonge la nta lenye manukato lisiloweza kujipasha moto lenyewe. Bonge hilo linauzwa kwa wingi Marekani na Uingereza, pamoja na kifaa cha umeme cha kuliyeyushia, na wengi wa wauzaji wake bado huliita mshumaa. Ni vigumu kumtoza mtu bei nzuri kwa bonge la nta.

Kifaa chenyewe hakina siri. Kwa kawaida ni kasha la kauri lenye kisahani juu na balbu ya wati 20 au 25 chini yake. Nta ya kazi hii huyeyuka kati ya nyuzi 50 na 60 za Selsiasi, na balbu ndogo iliyofungiwa ndani ya kauri hufika hapo bila shida, mradi iwe ile ya kizamani yenye waya unaong'aa, inayogeuza zaidi ya asilimia 90 ya umeme kuwa joto. Kwa kasoro hiyo Umoja wa Ulaya ulianza kuiondoa sokoni mwaka 2009. Kwa kipasha nta, kasoro hiyo ndiyo kazi. Weka balbu ya LED na utapata mwanga mzuri juu ya nta ngumu. Ndiyo maana vifaa vingi vya sasa hutumia bamba la joto badala ya balbu. Aina nyingine, ambayo ni ya zamani lakini haijatoweka, huweka kisahani juu ya kimshumaa kidogo cha kwenye kikopo cha bati, hivyo mshumaa usio na utambi hupashwa moto na mshumaa wenye utambi.

Jambo ambalo mnunuzi huchelewa kuligundua ni kwamba nta haiishi. Katika mshumaa unaowaka nta ndiyo kuni, na siku ya mwisho chombo huwa kitupu. Kwenye kisahani joto ni dogo mno kuivukiza nta. Kinachotoka ni manukato, ambayo kwa kawaida ni asilimia 6 hadi 12 ya mchanganyiko. Pakiti ya gramu 75 yenye asilimia 10 ina gramu 7.5 za manukato. Yakishatoka, gramu 67 na ushei ziko palepale, zinayeyuka na kuganda kama siku ya kwanza, ila hazinukii. Mwenye busara huziacha zigande na kuzitupa. Asiye na busara huzimwaga kwenye sinki na kumwita fundi bomba. Kwa hesabu hii, nta ni kifungashio cha pili.

Nayo harufu haitoki kwa mkupuo. Manukato ya viwandani ni mchanganyiko wa viambata vingi, kila kimoja na kasi yake ya kuvukiza. Limonini, inayotoa harufu ya ganda la chungwa, huchemka kwenye nyuzi 176. Vanilini kwenye nyuzi 285. Hakuna kinachochemka kwenye kisahani, lakini tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani atangulie kutoka. Pakiti ya chungwa na vanila huanza kama chungwa na kuishia vanila tupu. Tena kuna pua: ikikaa na harufu moja kwa dakika kadhaa huacha kuisikia. Mwenye nyumba hudhani nta imekwisha nguvu, wakati mgeni anayebisha hodi ameisikia tangu barazani. Hivyo nta nyingine hutupwa kabla ya wakati wake, jambo ambalo muuzaji hana haja ya kulisahihisha.

Kwa mtengenezaji, kuondoka kwa utambi ni nafuu kubwa. Unene wa utambi hauna budi kulingana na kipenyo cha chombo, aina ya nta na kiasi cha manukato. Ukiwa mnene mno hutoa masizi na kupasha chombo kupita kiasi. Ukiwa mwembamba huchimba shimo katikati na kuacha nta imesimama pembeni bila kuguswa. Badilisha manukato tu na majaribio yanaanza upya, na kila jaribio ni saa nyingi za kukaa ukiangalia mshumaa unavyoungua. Nta ya kuyeyusha haina adha hiyo. Sufuria ndani ya sufuria ya maji ya moto, kipimajoto, mizani na vifungashio vya plastiki vyenye vishimo sita: hicho ndicho kiwanda.

Yanayobaki kuwa magumu ni madogo, lakini hula fedha. Anayetia gramu 10 za manukato katika gramu 100 za nta hudhani ameweka asilimia 10. Kwa uzito wa mchanganyiko wote ameweka 9.1. Kosa hilo halionekani sufuriani, ila huonekana kwenye daftari, kwa kuwa kilo ya manukato huuzwa kwa bei ya kilo kadhaa za nta. Yakiwa na bei mara kumi ya nta, gramu hizo 10 zinagharimu sawa na gramu 100 zinazoyabeba. Wala kuzidisha hakusaidii: nta iliyoshiba hutoa mafuta juu yake kama jasho. Nta ya soya, yaani mafuta ya soya yaliyogandishwa kwa kuongezwa haidrojeni, huhitaji wiki moja au mbili za kutulia kabla harufu yake haijakaa sawa. Parafini, inayotokana na mafuta ghafi, hutosheka na siku chache. Plastiki ya PET nayo huanza kulegea kwenye nyuzi zipatazo 70, na anayemimina nta ikiwa moto mno hupata vifungashio vyenye umbo la kisanii.

Kuna pia imani iliyozagaa kuhusu kiwango cha kushika moto, yaani joto ambalo mvuke wa mafuta unaweza kuwaka ukikutana na cheche. Watengenezaji wengi wadogo huamini kwamba manukato yakitiwa kwenye nta yenye joto linalozidi kiwango hicho huungua na kupotea papo hapo. Hayaungui. Kiwango hicho kinamhusu msafirishaji na mtu wa zimamoto. Harufu hupotea kwa kuachwa muda mrefu kwenye sufuria ya moto, joto liwe limevuka kiwango hicho au halijavuka.

Ugumu halisi uko kwenye kuuza. Dukani mteja hufunua kifuniko, hunusa, hununua. Alichonusa ni nta baridi, ambayo hutoa viambata vyepesi peke yake. Atakachoishi nacho ni nta ya moto, inayotoa na vile vizito. Pakiti inayovutia sana ikiwa baridi inaweza kuwa bubu kwenye kisahani, na iliyopuuzwa rafuni ikajaza nyumba nzima. Rafu basi haimwonyeshi mteja bidhaa anayonunua, na picha ya katalogi haimwonyeshi chochote.

Hapa ndipo Scentsy, kampuni ya Marekani, ilipopata nafasi. Wazo lilianza na wanawake wawili, Kara Egan na Colette Gunnell, mwaka 2003. Mwaka uliofuata Orville na Heidi Thompson waliinunua na kuihamishia Meridian, Idaho, ambako ilianzia ndani ya kontena la futi 40 kwenye shamba la kondoo. Badala ya kujenga maduka, iliandikisha wauzaji wanaopasha nta sebuleni kwao na kualika majirani. Mgeni hukaa na nta ya moto kwa saa nzima, akinywa kinywaji, na hatimaye hununua kile kile alichokisikia. Kwa bidhaa hii sebule ni chumba cha maonyesho ambacho duka haliwezi kukiiga, na kodi yake analipa muuzaji mwenyewe.

Mfumo huo Afrika Mashariki unajulikana kama biashara ya mtandao: muuzaji hupata kamisheni ya alichouza, na sehemu ya mauzo ya watu aliowaingiza. Sheria ya Marekani, tangu miaka ya 1970, huutazama mfumo wa namna hii kwa swali moja kuu: fedha zinatokana na bidhaa zinazofika kwa watumiaji, au na kuingiza watu wapya? Mtu anayealikwa kujiunga anaweza kuliuliza swali hilo hilo, ingawa mikutano ya hamasa haiachi nafasi kubwa ya maswali. La kwake binafsi ni rahisi zaidi: sebule ngapi mtaani hazijaalikwa bado?

Tena kifaa hakimfungi mteja. Wanaouza manukato ya kuchomeka ukutani hutengeneza chupa yenye umbo linaloingia kwenye kifaa chao. Kisahani cha kauri hakina uwezo wa kukataa nta ya jirani. Mtu akishakuwa na kifaa, kampuni kubwa na mama wa mtaa wa pili mwenye sufuria zake mbili wanashindana kwa bei na kwa harufu. Ndiyo sababu katalogi hubadilika kila msimu, na harufu ya Krismasi ikaondolewa Januari ili mwakani itamaniwe tena.

Dai la wauzaji kwamba kipasha nta ni salama kuliko mshumaa unaowaka ni kweli kwa upande mmoja. Pasipo mwali hakuna pazia linaloshika moto, na hilo si dogo. Lakini kutokuwa na moto si kutokuwa na uchafu. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Indiana, walionyesha kwamba viambata vya jamii ya limonini vikitoka kwenye nta hukutana na ozoni iliyomo ndani ya nyumba na kuunda chembe ndogo mno, kwa wingi unaolingana na wa mishumaa inayowaka. Dirisha lililofunguliwa husaidia, na husaidia pia kutoa nje harufu iliyolipiwa.

Katika pwani yetu bidhaa hii inaingia kwenye nyumba ambayo tayari ina chetezo. Udi na ubani hufanya kazi kwa mkaa, kwa moshi na kwa muda mfupi; kipasha nta hufanya kazi polepole, na kwa wati 25 uniti moja ya umeme huchukua saa 40. Kwa gharama ya kukiwasha hakishindwi. Kinashindwa kwingine: nguo hutandikwa juu ya chetezo zikafukizwa, na hakuna atakayetandika kanga ya harusi juu ya kisahani cha nta iliyoyeyuka. Joto nalo ni la kuangaliwa, maana gari lililofungwa juani Dar es Salaam hupita nyuzi 50, na nta laini ya soya hufika kwa mteja ikiwa na umbo la mfuko.

Faida iliyo wazi ya mtengenezaji wa hapa ni malighafi ya harufu. Kiwanda cha Wawi, Pemba, hukamua mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, na ya karafuu zenyewe, na kiambata chake kikuu, yujenoli, huchemka kwenye nyuzi 254, kwa hiyo kwenye kisahani hutoka taratibu na kudumu. Akitaka kuuza Ulaya nta yenye mafuta hayo, kanuni namba 1272 ya mwaka 2008 itamtaka aandike kwenye pakiti kwamba bidhaa inaweza kuleta mzio wa ngozi, kwa sababu yujenoli ina tabia hiyo ikizidi kiwango. Pakiti inayonadi harufu ya visiwa vya viungo itabeba pia alama ya hatari, pembeni mwa picha ya mnazi.